Wazee wa Rondo na Vyombo vya Kupashana Habari

Wahenga walisema kuishi kwingi ni kuona mengi. Neno hili ni la kweli, lakini lina upande wa pili ambao hausemwi mara nyingi: aliyeona mengi hakufundishwa kila alichokiona, na aliyefundishwa jana aweza kuwa mjinga kesho bila ya kusahau hata herufi moja. Vitu hubadilika mikononi mwake. Ujinga wa namna hii haumwaibishi kijana, kwa kuwa ujana una nafasi ya kujifunza tena. Humwaibisha mzee mbele ya wajukuu wake.

Jambo hili ladhihirika vizuri katika Rondo. Rondo ni uwanda ulioinuka nyuma ya mji wa Lindi, kusini mwa Tanzania, na kilele chake chafika karibu mita 900 juu ya bahari. Pana msitu wenye sifa, pana chuo cha dini cha Kanisa Anglikana kiitwacho kwa jina la Mtakatifu Cyprian, na pana vijiji vya Wamwera waishio pamoja na Wamakonde na Wayao, wakulima wa korosho, ufuta, mbaazi na muhogo. Si mahali ambapo mtu angetazamia kutafuta habari za intaneti. Lakini mitambo mingi ya karne iliyopita ilipita hapo au karibu na hapo, na wazee walioiona ikifika, na mingine ikiondoka, bado wangali hai.

Siku hizi huulizwa sana intaneti itatumiwaje wakati vijana wa leo watakapokuwa wazee na vyombo vingine vipya vitakapokuwa vimezaliwa. Jibu litolewalo kwa wepesi ni kuwa wazee wa leo wamepitwa, vijana wamekwisha kushika, na baada ya miaka thelathini tatizo litakuwa limejiondoa lenyewe, maana waliopitwa watakuwa wamefariki. Jibu hilo lina kasoro mbili. Kwanza, halina huruma. Pili, historia ya Rondo na ya pwani ya Lindi na Kilwa hailithibitishi. Historia hiyo yaonyesha kuwa chombo cha habari hakikushindwa kwa sababu ya umri wa watu, wala hakikufaulu kwa sababu ya ujana wao. Kilifaulu kila mahali kilipopata mtu wa kati anayeaminiwa, na kilipokubali kusema kwa sauti.

Chombo cha kwanza kilikuwa mnong'ono. Katika miaka ya 1904 na 1905, Kinjikitile Ngwale alipotoa maji yake huko Ngarambe, habari zake zilisambaa katika nchi ya Wamatumbi kwa njia ya siri iliyoitwa njwiywila, yaani habari inayopita kutoka kinywa hadi sikio baina ya watu wanaojuana. Serikali ya Kijerumani ilikuwa na karani, tarishi na simu ya waya. Wananchi walikuwa na jamaa na ukoo. Vita vilianza mwishoni mwa Julai 1905 huko Nandete kwa kung'oa pamba. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile alinyongwa Mohoro, lakini ujumbe haukunyongwa pamoja naye. Kabla mwezi huo haujaisha Wamwera walikuwa wamekwisha kuinuka, na misheni ya Wabenediktini ya Nyangao, iliyo chini ya uwanda wa Rondo, iliteketezwa.

Matokeo ya vita hivyo yajulikana: njaa, vifo na ukiwa. Lakini katika historia ya kupashana habari, mwaka 1905 una somo lake. Habari iliweza kuvuka lugha na makabila kwa muda wa majuma machache pasipo mtambo wowote, kwa sababu kila aliyeipokea alimjua aliyempa. Tena waliokuwa mafundo ya mtandao huo walikuwa wakubwa wa koo na waganga, yaani watu wazima na wazee. Penye wazee haliharibiki neno, na mwaka ule neno lilikabidhiwa kwao kwa makusudi. Ndiyo maana katika miaka ya 1968 na 1969, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotaka kuandika upya historia ya Maji Maji, wanafunzi walitumwa vijijini kuketi na wazee. Kumbukumbu kubwa kuliko zote haikuwa kabatini.

Chombo cha pili kilikuwa barua. Pwani, kuanzia Kilwa hata Mikindani, barua za Kiswahili ziliandikwa kwa hati za Kiarabu muda mrefu kabla ya utawala wa Kizungu. Hati za Kirumi ziliingia bara kwa njia ya misheni. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alishuka Lindi, akaenda kwa miguu hadi Masasi pamoja na watu waliokombolewa utumwani, na baada ya hapo shule zikafuata. Lakini wasomaji walikuwa wachache, na barua nyingi ziliandikwa na mtu mmoja kwa niaba ya mwingine, zikasomwa na mtu wa tatu kwa niaba ya wa nne. Mama aliyetaka kumwandikia mwanawe aliyekwenda kukata mkonge alimwendea mwalimu, katekista au mtoto wa shule. Alisema, akaandikiwa. Jibu lilipokuja, alisomewa. Hapana aliyemwita mama huyo mtu asiyetumia posta. Aliitumia kwa ulimi wake na kwa mkono wa mwingine, na heshima ya msomaji ilipimwa kwa siri aliyoitunza. Siri ya mtungi aijuaye kata. Na msomaji wa barua alikuwa ndiye kata ya kijiji.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ilifika mitambo ya namna nyingine. Kampuni ya Steel Brothers ilifungua kazi ya kupasua mbao Rondo, na mivule mikubwa ya msitu ikakatwa na kuteremshwa pwani. Wakati huo huo, kuanzia mwaka 1947, serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga, na Nachingwea ikawa mojawapo ya makao yake. Matrekta yaliletwa kwa wingi, bandari ikatengenezwa, na reli ikajengwa kutoka pwani kwenda bara. Mwaka 1951 mpango ulivunjwa kwa hasara kubwa, na mapema katika miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa, vyuma vyake vikaondolewa. Mtoto aliyeishangilia gari la moshi alikua akaona majani yakiota juu ya tuta lake. Kashata hii ya historia yafaa kuwekwa akilini, maana itaeleza mengi mbele. Watu wa kusini walijifunza mapema kuwa mtambo unaoletwa na mgeni waweza kuondoka naye.

Redio haikuondoka. Kituo cha Dar es Salaam kilianza kusema mwaka 1951, kikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, kisha Redio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1965. Redio ndogo za betri zilipoenea katika miaka ya 1960, chombo hiki kilifanya lile ambalo barua haikuweza: kilisema. Mzee asiyejua kusoma alikuwa sawa na mwalimu mbele ya taarifa ya habari, na pengine alimzidi kwa kukumbuka. Lakini yafaa itazamwe redio ile ilitumiwaje hasa. Watu hawakusikiliza hotuba na muziki tu. Walisikiliza matangazo ya vifo, ili wajue ni nani aliyefariki na maziko ni lini. Walituma kadi za salamu, zenye majina ya jamaa na rafiki, na mtangazaji akayasoma jina kwa jina hadi kadi ikamalizika. Mgeni angeweza kuona kuwa ni kupoteza wakati wa serikali. Kwa msikilizaji wa Rondo mwenye mtoto Tanga au Mwanza, dakika ile moja ilitosha: jina lake limetajwa, basi mtoto yu hai na anamkumbuka. Atazamaye leo makundi ya ukoo katika simu, yenye salamu za asubuhi, picha za harusi na tanzia, ataona kuwa jambo hilo halikuzaliwa na intaneti. Intaneti ililikuta.

Sasa yafika sehemu ya historia iliyo na uzito kuliko zote katika shauri hili. Mwaka 1964, Mwalimu Julius Nyerere alipoeleza Mpango wa kwanza wa Miaka Mitano, alisema kuwa taifa lazima lianze kuwaelimisha watu wazima, kwa kuwa faida ya kuwasomesha watoto ingechukua miaka mitano, kumi au hata ishirini kuonekana. Hakusema kuwa wasiojua kusoma wangojewe wafe. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wakati huo karibu watu wazima 67 katika kila 100 hawakujua kusoma wala kuandika. Vitabu vya kusomea vilitungwa juu ya kazi ambazo wanafunzi walizifanya kila siku: pamba, ndizi, ufugaji, uvuvi. Mwalimu wa darasa mara nyingi alikuwa jirani aliyemaliza darasa la saba, na mwanafunzi wake aliweza kuwa mjomba wake.

Mwaka 1973 ilifanywa kampeni ya Mtu ni Afya. Karibu watu milioni mbili walijiunga katika vikundi nchini kote, wakakutana kila juma kuizunguka redio. Mmoja alisoma kitabu kidogo kwa sauti, wote wakasikiliza kipindi, kisha wakajadiliana na kukata shauri: kuchimba choo, kufyeka majani, kuchemsha maji ya kunywa. Hapo redio, karatasi na mazungumzo vilitumika pamoja, na aliyekosa kimoja alisaidiwa na kingine. Kufika mwaka 1986 serikali ilihesabu kuwa watu wazima wasiojua kusoma wamebaki karibu 10 katika 100. Juhudi zilipolegea, sehemu ya mavuno ikapotea. Sensa ya mwaka 2012 iliwakuta wenye umri wa miaka 15 na zaidi wanaojua kusoma na kuandika kuwa karibu 78 katika 100. Elimu haina mwisho, wala haijilindi yenyewe.

Na afikiriwe mtu mmoja aliyezaliwa Rondo mwaka 1950, si kwa jina lake bali kwa umri wake. Uhuru ulipofika mwaka 1961 alikuwa na miaka 11. Kampeni ya Mtu ni Afya ilimkuta na miaka 23, na pengine yeye ndiye aliyesoma kitabu kwa sauti mbele ya wakubwa wake. Alipokuwa na miaka 44, mwaka 1994, runinga ilianza Tanzania Bara, na wakati huo simu za mkononi zikaanza kuonekana Dar es Salaam. Alipokuwa na miaka 53, mwaka 2003, Daraja la Mkapa lilifunguliwa juu ya Mto Rufiji, na kusini ikaacha kutegemea kivuko. Vijana wake walikuwa wamekwisha kwenda mjini. Hata jina la machinga, waitwalo wachuuzi wadogo wa Dar es Salaam, kwa kawaida lahusishwa na Wamachinga wa pwani ya Lindi. Alipokuwa na miaka 58, mwaka 2008, huduma ya kutuma pesa kwa simu ilianza Tanzania, mwaka mmoja baada ya Kenya. Alipokuwa na miaka 70, Januari 2020, siku za mwisho za kusajili laini kwa alama za vidole zilitimia.

Mtu huyu hakukosa elimu. Aliipata, akaitumia, hata akaifundisha. Alipitwa mahali gani, basi? Hakupitwa na simu yenyewe. Simu ndogo ya vitufe, ambayo watu huiita kitochi, aliipokea kwa furaha kama alivyoipokea redio, kwa kuwa nayo husema. Pesa kutoka kwa mwanawe aliye Kariakoo hufika siku ile ile, na wakala dukani humpa mkononi. Njia hiyo pia ilikuwa na mtu wa kati. Taabu ilianza pale chombo kilipoacha kusema na kumtaka yeye peke yake, kimya, asome maandishi madogo, akumbuke namba ya siri, abonyeze kioo kisichokuwa na vitufe, na athibitishe kwa kidole kuwa yeye ni yeye.

Kidole hiki chataka kutazamwa. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 2019, na mtu alihitaji kwanza namba ya kitambulisho cha taifa. Nia ilikuwa njema, kuzuia utapeli. Lakini mistari ya vidole hufifia kwa uzee, na hufifia zaidi kwa aliyeshika mpini wa jembe miaka hamsini au aliyebangua korosho, ambazo mafuta ya ganda lake huunguza ngozi. Mashine hupata taabu kuisoma mikono hiyo. Kwa hiyo mkono uliofanya kazi kuliko mingine ndio ulioambiwa kuwa hautambulikani. Kijana mwenye vidole laini alipita mara moja.

Hapa hatari yenyewe yaonekana. Katika mkoa wa Lindi mazao ni fedha ya mwaka mzima. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza katika korosho mwaka 2007, mkulima hapokei tena fedha zake mizanini. Hupeleka zao kwa chama cha msingi, huuzwa mnadani, na malipo hupita benki. Katika miaka ya karibuni mnada nao umehamia katika mtandao wa Soko la Bidhaa, na bei iliyopatikana hufika katika simu mapema kuliko inavyofika kwa mdomo. Mfumo huu una faida zake, na mkulima aliyepunjwa zamani na walanguzi wa kangomba azijua. Lakini mzee asiyeweza kuisoma simu yake sharti ampe mjukuu namba ya siri. Akiwa na mjukuu mwema, amepata macho mapya. Akiwa na mjukuu mwenye njaa ya mjini, amekwisha kupoteza korosho zake bila mwizi kuingia ghalani. Kadhalika yuko tapeli wa mbali, atumaye ujumbe mfupi wa kumwambia mtu kwamba ile hela aitume kwa namba hii, akitumaini kwamba katika watu elfu, mmoja atakuwa kweli anadaiwa hela na hatauliza zaidi.

Msomaji wa barua wa zamani alijulikana na kijiji kizima, na akiivunja siri aliadhibiwa kwa aibu. Msomaji wa simu ya leo ni mtoto wa ndani. Siri ikivunjika, mzee hana wa kumshitaki isipokuwa damu yake mwenyewe. Ndiyo sababu wengi hunyamaza. Jambo lililopotea hapo si uwezo wa kutumia mtambo. Ni haki ya mtu mzima kuwa na siri yake, na kuwa baba au bibi wa nyumba kwa kweli, si kwa jina.

Ni kawaida ya walio wepesi wa simu kusema kuwa wazee ni waoga. Historia yawatetea. Aliyeiona reli ya Nachingwea ikifungwa ana sababu ya kutoiuza baiskeli yake. Novemba 2018, serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wakulima wengi walifurahi. Baadaye malipo ya baadhi yao yalichukua miezi mingi. Mei 2024 ilileta somo la aina nyingine. Mwanzo wa mwezi kimbunga Hidaya kilipiga pwani, na barabara ya Lindi ikakatika huko Somanga. Tarehe 12 ya mwezi ule ule nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika, na intaneti ikadhoofika katika Tanzania na nchi za jirani. Katika mwezi mmoja njia ya nchi kavu na njia ya baharini zote mbili zilionyesha kuwa si za milele. Siku kama hizo mwenye fedha taslimu kidogo chini ya mto wa kulalia hakuwa mjinga. Tahadhari ya mzee ni kumbukumbu iliyokaa muda mrefu, na mfumo mpya ungepata faida kuisikiliza.

Lakini nani atamsikiliza? Katika Japani, watu wenye miaka 65 na zaidi ni zaidi ya robo ya taifa, na wana mali. Kwa hiyo tangu mwanzo wa karne hii kampuni za huko zimeunda simu za wazee, zenye herufi kubwa na vitufe vichache, na zikanunuliwa kwa wingi. Soko liliinama kwa sababu wazee ni wengi. Tanzania ni kinyume. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 61.7; zaidi ya wanne katika kumi walikuwa chini ya miaka 15, na wenye miaka 60 na zaidi, ambao Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 yawaita wazee, walikuwa karibu sita katika mia. Mkoa wa Lindi wenyewe ulikua kutoka watu 864,652 mwaka 2012 hadi 1,194,028 mwaka 2022. Mwisho wa mwaka 2024 laini za simu nchini zilikuwa zimepita milioni 80, ingawa laini si mtu, maana wengi wana mbili au tatu. Katika bahari hiyo ya vijana, mfanya biashara hana sababu kubwa ya kutengeneza chombo kwa ajili ya mzee wa Rondo. Soko halitainama lenyewe. Itabidi liinamishwe, kama elimu ya mwaka 1970 ilivyoinamishwa, kwa uamuzi wa taifa.

Wapo watakaosema kuwa wazee wa kesho hawatahitaji hayo. Aliyezaliwa mwaka 1975 alikuwa na miaka 33 pesa za simu zilipoanza. Atatimiza miaka 60 mwaka 2035. Aliyezaliwa mwaka 1995 alikuwa mtoto wa miaka 13. Atatimiza 60 mwaka 2055. Hao watazeeka na simu mikononi. Ni kweli, na hapana shaka kuwa wataibadilisha intaneti, maana watakuja nayo uzeeni kama wazazi wao walivyokuja na redio. Watataka tanzia, bei ya mazao, habari za hospitali, sauti za wajukuu walio mbali, na mawaidha ya dini. Intaneti ya miaka hiyo yaweza kufanana na kibaraza cha jioni kuliko na soko la vijana lilivyo leo.

Lakini macho yao yatafifia kama ya baba zao, na vidole vyao vitatetemeka. Tena chombo watakachokizoea hakitangoja. Mtu aliyezaliwa mwaka 1950 hakuwa mshamba wa redio. Alikuwa bingwa wake. Ubingwa huo haukumsaidia mbele ya kioo. Vivyo hivyo, kijana arukaye leo kutoka programu moja hadi nyingine atafikia siku ambayo kitu kisichokuwa na jina bado kitamtaka athibitishe kuwa yeye ni yeye, kwa njia ambayo mwili wake hauiwezi tena. Ujana ni moshi, ukienda haurudi. Kila kizazi kina mtambo wake wa kukizeesha.

Yako matumaini katika sauti. Ujumbe wa sauti, usemwao na kupelekwa bila kuandikwa, umewarudisha wazee wengi katika mazungumzo ya ukoo, kwa kuwa ni mnong'ono wa zamani uliopata mabawa. Mitambo ya leo imeanza kusikia Kiswahili na kukisoma kwa sauti, na yaweza siku moja kumsomea bibi stakabadhi yake. Hata hivyo Kiswahili chao ni cha mjini, na bibi wa Rondo huhesabu fedha zake kwa Kimwera. Pia imezuka hatari mpya. Akili mnemba yaweza kuiga sauti ya mtu hata jamaa zake wasiitambue. Karatasi ilighushiwa zamani, na mzee akajua kutoiamini. Sauti ya mwanawe ilikuwa hati yake ya mwisho. Sasa hati hiyo nayo yaweza kughushiwa, na tapeli asiyejua jina la kijiji anaweza kulia kama mtoto wa nyumba.

Basi jibu larudi pale lilipoanzia. Njwiywila ilifaa kwa sababu kinywa kilijulikana. Barua ilifaa kwa sababu msomaji aliheshimiwa na kuonekana. Kikundi cha redio cha mwaka 1973 kilifaa kwa sababu watu waliketi pamoja na kuulizana kabla ya kutenda. Chama cha msingi, zahanati, msikiti, kanisa na ofisi ya kijiji vyaweza kumweka mtu wa namna hiyo, mwenye kiapo cha siri na jina linalojulikana, ambaye mzee atamwendea na simu yake kama mama alivyomwendea mwalimu na barua. Vyaweza pia kufungua tena madarasa, si ya herufi safari hii, bali ya namba za siri, ya kumtambua tapeli, na ya kukata simu bila ya kuona haya. Walimu wapo, ni wajukuu walewale, wakifundishwa kuwa mtu wa kati ni mtumishi wa siri, si mrithi wake.

Mwaka 1970 taifa lililokuwa na fedha kidogo kuliko leo halikukubali kuwangoja wasiojua kusoma wafe. Lilimkalisha mzee kwenye benchi la mtoto, likamtia chaki mkononi, naye akaandika jina lake. Baadhi ya waliojifunza katika madarasa yale bado wako Rondo. Wanaijua kalamu, wanaijua redio, na simu ndogo iko mfukoni. Wanangojea darasa la tatu, na wakati wao wa kungoja si mrefu.